TAJIRI WA VITABU ANAPOUZA LUGHA

(Hotuba ya halmashauri ya elimu ya chama, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama na kupigwa chapa hapa kwa ajili ya matawi yote)



Leo hatukuja kuzungumza habari za posho wala za saa za ziada. Mambo hayo yana siku yake. Leo twataka kuzungumza habari ya biashara moja ambayo wengi wetu twaiona ikipita karibu na milango yetu bila kuiuliza maswali, nayo ni biashara ya kufundisha lugha za kigeni. Katika miji yetu mikubwa mna vibao vya kutangaza masomo ya Kijerumani, ya Kifaransa na ya Kichina. Na tangu Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi mapatano ya wafanya kazi mjini Berlin mwezi wa Septemba 2024, wako wazazi wanaotoa fedha ili watoto wao wajifunze Kijerumani wapate kwenda kufanya kazi huko. Baadhi ya wazazi hao ni wanachama wetu.

Basi, panapotolewa fedha hapana budi yuko mwenye kuipokea, na yuko mwenye kufanya kazi ili fedha hiyo ipatikane. Mwenye kupokea ni tajiri. Mwenye kufanya kazi ni mwalimu, na mwalimu huyo ni mfanya kazi kama sisi, ingawa amevaa tai na hashiki nyundo.

Halmashauri yenu imeona yafaa tuwaeleze habari za shule moja ya lugha iliyo maarufu duniani, jina lake Berlitz; jinsi matajiri wa vitabu na magazeti walivyoinunua mmoja baada ya mwingine; na jinsi walimu wake wa Japani walivyogoma, wakashtakiwa, wakashinda. Ndani ya habari hiyo mna mambo mawili ambayo twataka kila mwanachama arudi nayo nyumbani. La kwanza ni kuijua hesabu ya tajiri. La pili ni kuijua lugha ya mezani, yaani lugha inayotumika watu wakikaa kupatana juu ya mshahara wetu.

SHULE YENYEWE

Shule ya Berlitz ilianzishwa mwaka 1878 katika mji wa Providence, nchi ya Marekani. Mwanzilishi wake, Maximilian Berlitz, alizaliwa Ujerumani akahamia Marekani. Husimuliwa kwamba alimwandika kazi Mfaransa mmoja, Nicholas Joly, amsaidie kufundisha Kifaransa. Joly alipofika ikaonekana kwamba Kiingereza hakijui hata kidogo, na wanafunzi wenyewe ni Wamarekani watupu kwa lugha. Na Berlitz alikuwa mgonjwa, hawezi kusimama darasani. Akamwambia Joly aonyeshe vitu kwa kidole na kuvitaja, na vitendo avieleze kwa kuvitenda. Wiki kadhaa zilipopita Berlitz akarudi akidhani atakuta wanafunzi wamekasirika. Akawakuta wanauliza na kujibu kwa Kifaransa, tena kwa furaha.

Tangu hapo ndivyo shule hiyo ilivyofundisha. Hakuna kutafsiri. Tangu somo la kwanza mwalimu husema lugha anayoifundisha, basi, na mwanafunzi hujifunza kama mtoto anavyojifunza kwa mama yake.

Sasa litazameni jambo hili kwa jicho la mfanya kazi. Katika karakana ya seremala mna mbao, msumeno na randa. Katika kiwanda cha nguo mna cherehani. Katika chumba cha Berlitz mna meza, viti, na kinywa cha mwalimu. Bidhaa inayouzwa ni sauti yake na saa zake. Akinyamaza, duka limefungwa. Mwandishi mashuhuri wa Ireland, James Joyce, alipokuwa kijana hana kitu, alipata riziki yake kwa kufundisha Kiingereza katika shule za Berlitz za Pola na Trieste, kuanzia mwaka 1904. Sauti ya mtu yule ilikuwa ikiuzwa kwa saa, kama sauti ya mwalimu mwingine yeyote.

KWA NINI TAJIRI WA VITABU ATAKE SHULE

Wanachama wetu walio katika mitambo ya kupiga chapa wataelewa upesi. Mtu akinunua kitabu cha sarufi, amekinunua mara moja. Akimaliza humpa mdogo wake, na mdogo wake humpa jirani. Lakini mtu akinunua somo, hulinunua wiki hii, na wiki ijayo, na mwezi ujao. Na mtu huyo huyo atahitaji kitabu, na kamusi, na sauti zilizonaswa za kusikiliza nyumbani. Tajiri wa vitabu tayari ana mitambo, ana jina linalojulikana na watu, ana orodha ya wateja. Akiongeza shule, amejipatia duka la pili la kuuzia watu wale wale.

Ndiyo maana mwaka 1966 Berlitz ilinunuliwa na kampuni ya vitabu ya Marekani, Crowell Collier and Macmillan. Mwaka 1988 Macmillan nayo ikanunuliwa na Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, mwenye gazeti la Daily Mirror. Alilipa zaidi ya dola bilioni 2.5, na nyingi ya fedha hizo zilikuwa za kukopa. Mwaka uliofuata sehemu ya hisa za Berlitz ziliuzwa kwa watu katika soko la hisa, lakini Macmillan ikabaki na nyingi zaidi.

Hapo sikilizeni vizuri, ndugu. Hisa za Berlitz zipatazo milioni 10.6, zilizokuwa mali ya Macmillan, Maxwell aliziweka rehani kwa mabenki ili zidhamini madeni ya makampuni yake ya binafsi. Mwezi wa Novemba 1991 alikufa baharini karibu na visiwa vya Canary. Baada ya kufa kwake ikagunduliwa kwamba hata fedha za akiba ya uzeeni za wafanya kazi wa magazeti yake zilikuwa zimechukuliwa, mamia ya mamilioni ya pauni. Na shauri la zile hisa za Berlitz zilizowekwa rehani likaenda mpaka korti za Uingereza.

Mwalimu wa Kihispania aliyekuwa akifundisha asubuhi katika chumba kidogo huko New York au Tokyo, angewezaje kujua kwamba shule yake ni rehani ya deni la mtu mwingine? Meneja wake alimwona kila siku. Mkurugenzi wake labda alimwona mara moja kwa mwaka. Lakini mwenye kukata shauri juu ya riziki yake alikuwa mbali, katika biashara ya magazeti, na hakuwa na haja ya kulijua jina lake. Juu ya tajiri yuko tajiri mwingine. Chama kisichomjua yule wa juu hupigana na kivuli.

TAJIRI WA OKAYAMA

Aliyekuja kuichukua Berlitz baada ya hapo ni kampuni ya vitabu ya Japani, Fukutake, iliyoanzishwa mwaka 1955 katika mji wa Okayama. Kampuni hii ilikuwa imekuzwa na watoto wa shule. Iliuza mitihani ya kujipima, na tangu mwaka 1969 ikaendesha masomo kwa posta: mzazi hulipa, mtoto hupokea karatasi za mazoezi nyumbani, huzijaza, huzirudisha, nazo husahihishwa. Mwaka 1990 iliingia katika biashara ya Berlitz huko Japani, na mwaka 1993 ikawa na hisa nyingi za kampuni nzima. Mwaka 1995 ikabadili jina ikajiita Benesse, neno lililoundwa kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya kuwa katika hali njema. Mwaka 2001 Berlitz yote ikawa mali yake.

Mgala muue na haki yake mpe. Kununua shule si dhambi, na kampuni iliyozoea kuwasomesha watoto ilikuwa na sababu ya kutaka kufundisha lugha. Jina lake nalo ni zuri. Swali la chama cha wafanya kazi ni moja tu: hali hiyo njema, ni ya nani?

WALIMU WAGOMA

Somo la Berlitz ni la dakika 40. Mwalimu hufundisha moja, hupumzika kidogo, hufundisha jingine. Wengi wa walimu wa Kiingereza huko Japani ni wageni, kutoka Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Kibali chao cha kukaa nchini kimefungamana na kazi. Mtu wa namna hiyo huogopa kusema, kwa kuwa akipoteza kazi aweza kupoteza na ruhusa ya kukaa.

Tena wakati ule hofu ilikuwa kubwa. Mwezi wa Oktoba 2007 shule ya lugha iliyokuwa kubwa kuliko zote Japani, iitwayo Nova, ilianguka. Haikuwa mali ya Benesse. Ilikuwa kampuni nyingine kabisa. Maelfu ya walimu wageni walibaki bila mishahara, na wanafunzi waliolipa mbele walibaki na risiti mikononi. Wako walimu waliodaiwa nyumba, kwa sababu kodi iliyokatwa katika mishahara yao haikumfikia mwenye nyumba. Vyama vya walimu vikawapangia kufundisha watu ili walipwe chakula.

Katika hali hiyo, mwezi wa Desemba 2007, walimu wa Berlitz wa Tokyo na miji ya jirani walianza mgomo. Chama chao kilikuwa tawi la chama cha wafanya kazi cha Tokyo kiitwacho Nambu. Madai yao yalikuwa mawili: nyongeza ya mshahara ya asilimia 4.6 kwa wote, na bakshishi ya mara moja yenye kiasi cha mshahara wa mwezi mmoja. Chama kilisema kwamba kwa muda wa miaka 16 hapakuwa na nyongeza ya kuwagusa walimu wote. Kampuni ilijibu kwa kutoa nyongeza isiyofika hata asilimia moja.

Angalieni jinsi walivyogoma. Shule zilikuwa zimetawanyika mjini kote, vyumba vitatu hapa, vyumba vitano pale. Hapakuwa na lango moja la kiwanda la kusimama mbele yake. Basi waligoma somo kwa somo. Leo mwalimu wa mtaa huu anaacha somo la jioni. Kesho wa mtaa ule anaacha la asubuhi. Kampuni hutafuta mwalimu wa kushika nafasi, lakini haijui somo lipi litakosa mtu. Walioshiriki walizidi 100, na mgomo ukaendelea karibu mwaka mzima. Huenda huo ukawa ndio mgomo mkubwa kuliko yote iliyopata kufanywa na walimu wa lugha wa nchi ile. Lakini ukubwa wake haukuwa katika hesabu ya watu. Ukubwa wake ni kwamba watu waliotoka nchi mbalimbali, wanaofanya kazi kila mmoja katika chumba chake, hawaonani kutwa, waliweza kushika neno moja.

TAJIRI AENDA KORTINI

Mwezi wa Desemba 2008 kampuni iliwashtaki. Haikushtaki chama peke yake. Ilishtaki na viongozi, wakiwamo walimu watano waliokitumikia chama kwa kujitolea. Fidia iliyodaiwa ilikuwa yen milioni 110, fedha inayozidi dola milioni moja. Kampuni ilisema mgomo ule haukuwa halali, na kwamba umeitia hasara.

Tuhesabu kidogo. Mwalimu mwenye kulipwa kwa masomo ya dakika 40 anaambiwa huenda akadaiwa fedha ambayo hataiona maisha yake yote. Hapo ndipo mke huuliza mumewe, na mume huuliza mkewe: chama hiki kina faida gani kwetu? Tajiri anapomshtaki mtu kwa jina lake, hataki fedha peke yake. Ataka kila mwingine aliyekuwa akifikiri kusimama aketi.

Nao hawakuketi. Shauri lilikaa kortini zaidi ya miaka mitatu. Walikuwa na ngao mbili. Ya kwanza ni Katiba ya Japani, ambayo katika kifungu cha 28 yalinda haki ya wafanya kazi ya kujiunga, kupatana kwa pamoja na kutenda kwa pamoja. Ya pili ni sheria ya vyama vya wafanya kazi ya nchi ile, inayosema katika kifungu cha 8 kwamba tajiri hawezi kudai fidia kwa chama wala kwa mwanachama kwa sababu ya hasara ya mgomo uliofanywa sawasawa.

Neno lenyewe ni hilo: sawasawa. Tarehe 27 Februari 2012, korti ya Tokyo ilitoa hukumu. Ilitazama kusudi la mgomo, ikatazama taratibu zilizofuatwa, ikatazama na namna mgomo ulivyofanywa, isione sababu ya kuuita haramu. Madai ya kampuni yakatupwa. Kampuni ikakata rufani. Mwishoni mwa mwaka huo huo, mbele ya korti ya juu, pande mbili zikapatana.

YALIYOPATIKANA

Katika mapatano hayo kampuni iliondoa mashtaka yake. Ilikubali kuwapa wanachama nyongeza ya mshahara, na kutoa fedha ya bakshishi kwa chama. Hayo ni mema, na kila mtu huyaelewa. Lakini yako mengine mawili yaliyopatikana ambayo hayaliwi siku ile ile, nayo ndiyo tuliyowaahidi mwanzoni.

Kwanza, kampuni ilikubali kukifunulia chama habari zaidi za hesabu zake. Mfanya kazi anapoomba nyongeza huambiwa, "Kampuni haina kitu." Labda ni kweli, labda si kweli. Asiyeziona hesabu hana la kujibu ila kukasirika, na hasira haijapata kuwa hoja. Mwenye kuziona aweza kusema: faida ya mwaka jana ilikuwa hii, mishahara yetu ilikuwa hii, tofauti imekwenda wapi? Nasi tumekwisha kuona katika habari ya Maxwell jinsi mali ya wafanya kazi iwezavyo kuwekwa rehani gizani.

Pili, kampuni ilikubali kwamba tangu hapo mazungumzo ya kupatana yafanywe kwa Kiingereza. Ndugu, lipimeni jambo hili. Hii ni kampuni iliyouza Kiingereza. Walimu wake waliajiriwa kwa sababu ya Kiingereza chao. Darasani walikatazwa kusema neno la lugha nyingine. Lakini walipokaa mezani kuzungumza habari ya riziki yao, mazungumzo yalikuwa kwa Kijapani, nao wakategemea kutafsiriwa. Katika chumba cha kuuzia walikuwa mabingwa; katika chumba cha kupatania walikuwa wageni. Ilichukua miaka mitano ya kupigana mpaka lugha waliyoiuza kwa ajili ya tajiri ikaruhusiwa kusema kwa ajili yao wenyewe.

SISI NASI

Mwanachama aweza kuuliza: sisi ni madereva, ni makarani, ni watu wa bohari na wa mitambo, mambo ya walimu wa Tokyo yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Ni wangapi miongoni mwetu waliotia sahihi barua ya kazi ya Kiingereza bila kuisoma mpaka mwisho? Ni matawi mangapi yaliyopokea mapatano ya kurasa nyingi, na wanachama wakaelezwa kwa dakika tano tu kwamba "mambo ni mazuri"? Mtu hawezi kuidai haki asiyojua kuisoma.

Sheria za nchi yetu ziko upande wetu katika jambo hili, lakini sheria haitembei kwa miguu yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yasema kwamba mfanya kazi akiwa hajui kusoma, au haielewi lugha ya mkataba, tajiri hana budi kuhakikisha anaelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, yamtaka tajiri akipe chama habari zote zinazohusika ili chama kiweze kupatana naye vilivyo. Yaani vitu viwili ambavyo walimu wa Tokyo walivipigania kwa miaka mitano, sisi tunavyo katika vitabu vya sheria. Swali ni kama tunavitumia.

Kuhusu mgomo twataka kusema wazi, asije mtu akatoka hapa na nusu ya habari. Kifungu cha 41 cha Katiba yetu kinampa kila mfanya kazi haki ya kugoma. Lakini namna ya Tokyo si namna ya hapa. Kwetu mgomo unaolindwa na sheria ni ule unaotokana na ugomvi wa kazi uliokwisha kupelekwa kwa mpatanishi ukashindikana, kisha chama kikatoa notisi ya maandishi ya siku saba kwa tajiri na kwa Waziri wa Kazi. Mgomo wa namna hiyo hauvunji mkataba, wala tajiri hawezi kumfukuza au kumshtaki mtu kwa kuwa ameshiriki, ingawa halazimiki kulipa mshahara wa siku za mgomo. Anayeamka asubuhi akatoa watu kazini bila taratibu hizo amewavua wenzake ngao. Korti ya Tokyo ilitazama kusudi, taratibu na namna. Korti za hapa nazo hutazama.

WENYE SHULE HUJA NA KUONDOKA

Kabla hatujamaliza, neno moja kwa wazazi wanaolipia masomo ya lugha. Benesse iliiuza Berlitz mwaka 2022. Nyumba ya vitabu iliyoishika kwa karibu miaka 30 ikaondoka, mwingine akaingia. Na si Berlitz peke yake. Kampuni ya sinema ya Disney ilifungua shule za Kiingereza za watoto huko Shanghai mwaka 2008, ikazieneza katika miji mingine ya Uchina, na mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ikatangaza kuzifunga kabisa. Kampuni ya Pearson, ambayo watoto wetu wanalijua tawi lake la vitabu kwa jina la Longman, na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na gazeti la Financial Times, ilinunua shule za Wall Street mwaka 2010, kisha ikaziuza. Mwezi wa Agosti 2021, zikiwa mikononi mwa wengine, shule za jina hilo za Uchina zilianguka, na wanafunzi waliolipa ada mbele wakabaki wakidai.

Hatusemi msiwasomeshe watoto. Lugha ni mali, na aliyeipata hanyang'anywi. Twasema jina kubwa mlangoni si dhamana. Ulizeni mwenye shule ni nani. Lipeni kwa muhula, msilipe mwaka mzima mbele kwa sababu mmeahidiwa kupunguziwa. Shikeni risiti. Na mkutane na walimu wenyewe muwaulize kama wanalipwa kwa wakati. Kwa maana mwalimu asiyelipwa ndiye ishara ya kwanza kwamba shule inaanguka, na yeye huijua kabla ya mzazi.

MAMBO TUNAYOYATAKA KWA MATAWI

Basi halmashauri yaomba kila tawi lifanye mambo manne.

La kwanza, kila mwanachama alete barua yake ya kazi kwa katibu wa tawi. Asiyeielewa asomewe na kuelezwa kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kama Kiswahili hakimtoshi. Palipo na jambo ambalo hakuelezwa alipotia sahihi, liandikwe.

La pili, mapatano yote yaliyomo sasa kati ya chama na matajiri yatafsiriwe kwa Kiswahili, yapigwe chapa, na nakala moja ibandikwe mahali pa kazi. Wanachama wenye kujua Kiingereza vizuri watoe jioni zao mbili kwa kazi hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu, kabla ya mazungumzo yajayo ya mishahara, kila tawi liandike barua ya kumwomba tajiri habari za hesabu kama sheria inavyosema, na nakala ya barua hiyo iwekwe. Akikataa, kukataa kwake nako ni habari. Kutatufaa mbele ya mpatanishi.

La nne, tuwatafute walimu wa shule za lugha zilizo karibu nasi. Wengi wao hufanya kazi mmoja mmoja, kwa saa, bila chama. Wao wakidhani kwamba kazi ya kalamu haina haja ya umoja, waelezeni habari za wenzao wa Tokyo: watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja katika chumba chake, walioshtakiwa fedha wasizoweza kuzilipa, na bado kampuni ikarudi mezani kusema nao kwa lugha yao.

Ndugu wanachama, kidole kimoja hakivunji chawa. Tajiri wa vitabu aweza kununua shule, mitambo, jina na jengo. Sauti ya mfanya kazi huikodi kwa saa tu, na saa ikiisha ni yake tena. Na tuitumie.

Umoja ni nguvu.